Maji ya Theluji

Kwetu Tanga mjane akimaliza eda huogeshwa, hufukizwa udi, huvishwa nguo mpya, akatoka nje akaonana na watu. Hapa Bellevue, Johannesburg, tunayafanya hayo hayo, tena vizuri tu, lakini akina mama wa nyumba yetu wameongeza lao. Mjane akitoka eda, wenzake wanamtoa na mji. Yeye ndiye anayechagua pa kwenda, popote pale ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi bila kuuza kitanda, na wengine hawana ruhusa ya kukataa. Sharti ni moja: akienda mmoja tumekwenda wote. Haachwi mtu, awe Mwislamu, awe Mkristo, awe na pasi, awe na karatasi ya ukimbizi. Sijui nani alilianzisha. Mimi nilipokuja kupanga chumba nililikuta.

Waliotangulia walichagua Durban, wakaione bahari. Mimi nilichagua theluji.

Nieleze kwa nini, maana niliulizwa sana na sikujibu vizuri. Kusema kwa kupanga sijajaliwa, shule yenyewe nimeishia la saba. Mume wangu alikuwa dereva wa kombi ya watalii. Baridi ikiingia, Ijumaa alikuwa anawapakia vijana wa maofisini kuwapeleka Lesotho, kwenye milima, wakateleze kwa zile mbao ndefu wanazojifunga miguuni. Jumapili anawarudisha. Alikuwa mtu mkimya. Mambo ya kodi, ya umeme, ya ndugu, alinijibu kwa kichwa. Ila Jumapili hizo, hata viatu hajavua, ameshaanza kusema. Theluji ukiiminya mkononi inalia kama unga wa muhogo. Haina harufu kabisa, pua inabaki haina kazi. Mtu mzima akianguka juu yake anacheka kama mtoto, hata bosi, hata mwanamke aliyepakwa rangi za kucha. Na kila safari aliniletea chupa ya soda imejaa maji.

"Theluji hii," anasema. "Imechoka njiani."

Nilikuwa nanawia uso. Maji ya kawaida tu, niseme kweli, lakini nilinawa taratibu.

Alifariki mwezi wa kwanza, kwa presha, kwenye kiti mle chumbani mwetu. Kaka zake walikuja, watu wakachanga, akasafirishwa akazikwe Tanga. Mimi nilikuwa ndani ya eda. Wenye elimu walisema nibaki, nikabaki. Simlaumu mtu, nisingejua kufanya vingine. Lakini maana yake sina kaburi. Nina picha ya kaburi kwenye simu, ukiivuta kubwa inakuwa vumbi. Kazi yake nayo ilikwisha kufungwa, mwenye kampuni alirudi kwao ng'ambo, na kombi sijui iko wapi. Basi niliposikia wanasema "chagua", nilishajua. Nilitaka kusimama pale alipokuwa akisimama yeye. Mara moja tu. Nimuage kwa mdomo wangu mwenyewe, halafu nirudi kupika chapati zangu niwapelekee wauza nguo wa Joubert Park.

Tulikaa jikoni, jiko letu la kushirikiana, Idd ya kuchinja imepita juzi na harufu ya nyama haijatoka ukutani. Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima wa Unguja, tunamwita Bi Mkubwa.

"Theluji?" akasema. "Mwanangu, jana umetoka eda, leo unataka kututia kwenye friza?"

"Miye sina shida na baridi," akasema mama wa Kikongo anayeuza vitenge, pande la mtu. "Baridi ndiyo iko na shida na miye. Itanipitia wapi, na mwili huu?"

"Kama ni kuteleza tumwage sabuni hapo koridoni," mwingine akadakia. "Bure kabisa, na choo kiko karibu."

Walicheka, nami nikacheka. Rafiki yangu Mrundi alikuwa anachagua maharage kwenye ungo na hakucheka. Huyu vyumba vyetu vinapakana. Ndiye aliyenipikia eda nzima, asubuhi na jioni, Mkristo ananipikia Mwislamu mjane, na sufuria amenunua jipya ili nisiwe na wasiwasi. Nalitaja sufuria hilo kwa sababu ya yanayokuja.

Mahali penyewe palikuwa pa kuchagua, na nilijitahidi kuchagua kwa haki. Kwa uwezo wetu ilikuwa lazima twende mwanzo wa msimu. Mume wangu alinifundisha hilo zamani: mwanzoni, kabla milima haijawa myeupe sawasawa, bei iko chini, kwa kuwa hakuna anayeweza kukuapia kwamba utaikuta theluji. "Wenye nacho wanakwenda katikati," alisema. "Wasio nacho wanakwenda mwanzo, wanalipia bahati."

Palikuwa na kilima kimoja nje ya mji, kimetandikwa zulia la plastiki, watu wanajifunzia hapo. Bi Mkubwa alikataa kwa niaba ya wote. "Nikateleze kwenye kapeti? Kapeti ninalo nyumbani."

Halafu palikuwa na mlima ulio upande huu huu wa Afrika Kusini, mbali kule kwenye jimbo la Eastern Cape. Uzuri wake ni kwamba hakuna mpaka wa kuvuka. Ubaya wake ni mbali mno, lazima tulale, na kipande cha mwisho cha barabara kinataka gari la nguvu. Nilipiga simu. Mwanamume aliyepokea alikuwa muungwana, sina la kumsema. Alisema mashine zao hazijaanza kutengeneza theluji, labda wiki ijayo, labda baadaye, na yeye hapendi kumdanganya mtu.

Na palikuwa na Lesotho. Kule kwa mume wangu. Karibu zaidi, unatoka alfajiri unarudi usiku huo huo, na mashine zilishaanza kazi. Lakini kuna mpaka.

Nilieleza yote, la huku na la kule, nikajitahidi sauti yangu isiegemee. Sidhani niliweza. Nilikuwa nahukumu kesi yangu mwenyewe.

Rafiki yangu akaweka ungo chini. "Dada, mimi na karatasi yangu sipiti."

"Utapita."

"Nitapita aje? Karatasi inasema nimekimbilia hapa. Natoka kwenda wapi tena?"

"Mume wangu alikuwa na karatasi kama hiyo," nikamwambia. "Hiyo hiyo, yenye kukunjwa hivyo hivyo. Baridi zote hizo amepita. Nilimuuliza, akaniambia kule hawana shida naye."

Alinitazama, akataka kuamini. Nilimwona anavyotaka. "Kweli?"

"Maji yake si uliyaona? Si nilikupa ukanawa?"

Hapo Bi Mkubwa akasema, "Basi. Mwenye safari amesema. Kama marehemu alipita, Mungu amrehemu, na huyu atapita." Na mama wa Kikongo akaanza kuuliza kama kule kuna mbao za kubeba watu wa saizi yake, au watamfungia mlango.

Tuliondoka nyumba ingali giza, na teksi ya Mzimbabwe mmoja ambaye naye alikuwa hajawahi kufika huko. Tuliacha mtaa wa Observatory nyuma, robot zote, taa za barabarani, zinatuwashia kijani kama zinatufukuza, mama wa Kikongo kavaa makoti yasiyohesabika, Bi Mkubwa na blanketi juu ya baibui. Rafiki yangu alikaa dirishani. Alikuwa amesuka nywele kwa ajili ya safari. Njiani nyasi zilikuwa za kahawia, zimekauka kwa baridi ya asubuhi, na yeye alikuwa ananiuliza kila baada ya muda: "Hapa pia alipita?" Nami namjibu, hapa pia. Sikuwa najua. Lakini barabara ni moja.

Mpakani tulishuka tukapanga foleni. Askari wa uhamiaji alikuwa kijana, na ninataka ieleweke kwamba hakututukana wala hakuomba kitu. Wengine tulikuwa na pasi; alipofika kwa rafiki yangu aliifungua ile karatasi, akaisoma, akaikunja tena kwa mikunjo yake ileile, akamrudishia.

"Sisi," alimwambia kwa upole, ndivyo wanavyomwita dada huku, Kizulu kikichanganyika na Kiingereza, "ukitoka hapa umesema huhitaji tena ulinzi wetu. Ukirudi sitaweza kukuingiza. Nani alikwambia uje?"

Rafiki yangu alinigeukia.

"Mume wangu alikuwa anapita na karatasi kama hii," nikasema. "Kila baridi. Hapa hapa."

Yule kijana akafikiri, hakunidharau. "Hapa? Hapana, mama."

Nikajiambia mgeni huyu, kaanza kazi juzi. Ndivyo nilivyojiambia, na sikuona sababu ya kujiambia vingine.

Tukarudi nyuma ya foleni, wote, tukasimama karibu na mama mmoja aliyekuwa akikaanga magwinya, yale maandazi makubwa ya huku, pembeni ya mbaula, jiko la kopo lenye makaa. Sharti walilijua wote: akienda mmoja tumekwenda wote. Wakanitazama mimi.

Bi Mkubwa akasema, "Safari yako, mwanangu. Wewe sema."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema turudi. Nimelipindua jambo hili mara nyingi kutafuta upande wangu, na upande wangu upo, mdogo: tulikuwa tumetoka mbali, wenzangu walikuwa wameacha biashara zao, na mimi sikuwa na kaburi. Lakini sikuwa nimesema hata neno moja bado. Ni rafiki yangu aliyenitangulia.

"Nendeni," akasema. "Mimi nitakaa na huyu mama hapa kwenye moto. Joto liko, maandazi yako. Shida yangu nini?"

"Dada, ukisema turudi, tunarudi," nikamwambia. Nilisema hivyo. Lakini nilisema nikiwa nimeshaupeleka mguu mmoja mbele, na yeye aliuona.

"Nenda ukamuage mumeo," akasema. "Uniletee na maji."

Tukavuka.

Njia ya kule inapanda milima mpaka masikio yanaziba. Dereva alikuwa anasali kwa sauti kwenye kona. Tulipofika nilitafuta weupe, nikaona nyasi. Mlima mzima wa nyasi za kahawia na mawe, na katikati yake mstari mmoja mweupe, mwembamba, kama shuka lililoanikwa. Mashine zilikuwa zimetengeneza theluji hiyo usiku kutoka kwenye maji ya bwawa lililokuwa hapo chini. Huo ndio mwanzo wa msimu. Bahati tuliyolipia. Na niseme haki: ilikuwa theluji. Ilikuwa ya baridi, na ukiiminya ililia kama unga wa muhogo, sawasawa na alivyosema.

Mama wa Kikongo alikodi mbao. Watu wawili walimshika huku na huku, wakamwachia, akateleza hatua chache akiwa amesimama wima kama mnara wa simu, halafu akakaa chini, na kuinuka ikawa kazi ya kijiji. "Niacheni!" alikuwa akipiga kelele. "Niacheni hapa, Mungu mwenyewe atakuya kunichukua!" Bi Mkubwa alicheka hadi blanketi likamdondoka. Kweli, mtu mzima akianguka anacheka kama mtoto. Nilimwona mume wangu ana haki kwa kila neno.

Mimi nilikwenda kutafuta mahali pake. Niliwaza kwamba dereva hukaa kwenye maegesho, kwa hiyo nikaenda maegesho. Palikuwa na Msotho mmoja mwenye blanketi lake, anayeelekeza magari, mzee, na kwa maneno yake mwenyewe yuko pale tangu pafunguliwe. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaishika simu mbali, akaisogeza karibu.

"Dereva?"

"Dereva wa kombi. Kutoka Joburg. Kila baridi."

Akatikisa kichwa, akaniomba radhi, kana kwamba ni kosa lake. Akaniuliza rangi ya kombi. Nikamwambia. Akasema kombi ya rangi hiyo haijui. Akaona uso wangu, akasema magari ni mengi na macho yake si ya zamani. Nilishukuru. Nikachagua sehemu ya maegesho inayotazama mlima, nikasimama hapo, nikajaribu kumuaga.

Sikuweza. Nilikuwa nimeyapanga maneno eda nzima, nimelala nayo. Nilisimama pale na hakuna lililotoka, upepo unanipiga, nikajisikia kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ambayo hakuna mwenyewe. Nikasema labda ni baridi. Labda mimi ndiye nisiyejua kuaga. Nikaenda ukingoni mwa ule mstari mweupe, nikaijaza chupa ya soda kwa kushindilia na kidole, nikarudi kwenye gari.

Tulifika mpakani jua limezama, mwanga ungalipo. Bi Mkubwa alitaka tusishuke wote, mmoja aende kumchukua mwenzetu tuondoke, barabara ni ndefu. Nikashuka mimi na chupa yangu. Ilikuwa maji tayari, na vipande vya nyasi vinaelea.

Rafiki yangu alikuwa bado yuko pale kwenye mbaula, amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, amejifunika koti la yule mama wa magwinya. Nikamnyooshea chupa.

"Imechoka njiani," nikasema.

Yule mama akaiona chupa. Akaacha kijiko ndani ya mafuta. Akapiga makofi mara moja, akasema kitu kwa lugha yake, halafu akaweka mkono mdomoni.

Rafiki yangu akasimama. "Dada. Keti kwanza."

"Gari linangoja."

"Keti hapa."

Sikuketi. Akaniambia nikiwa wima. Alikuwa anasema taratibu, kama mtu anayemimina kitu cha moto.

"Huyu mama anamjua mume wako. Mlipoenda aliniona na karatasi, akaniuliza, na wewe pia? Akasema kulikuwa na baba mmoja ana karatasi kama yangu, anasema lugha kama tunayosema sisi. Nikamwonyesha ile picha yake niliyoweka kwenye simu siku za msiba. Akalia, dada. Hakuwa anajua kama amekufa. Alikuwa anamngoja na baridi hii."

"Wanapita hapa wote," nikasema. "Lazima amjue."

"Alikuwa anakaa hapa. Kwenye ndoo hii. Vijana wanashuka, wanavuka kwa miguu, gari la upande wa pili linakuja kuwachukua. Yeye anabaki. Analala ndani ya kombi. Mchana anamchanjia huyu mama kuni, anamkorogea unga. Jumapili wanarudi, anawapeleka nyumbani."

"Mara ngapi alivuka?"

"Dada."

"Hata mara moja?"

Akatikisa kichwa. "Wakirudi alikuwa anawapa chai, anawauliza mmoja mmoja. Ikoje? Ukiishika ikoje? Inanuka nini? Walikuwa wanamcheka, huyu mama anasema, lakini si kwa ubaya. Wakamzoea. Wakawa wanamletea kwenye chupa."

Mama wa magwinya alikuwa anatutazama midomo. Hakuelewa Kiswahili, lakini alikuwa anaitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili.

Dereva akapiga honi. Bi Mkubwa akachungulia dirishani: "Jamani, mnaagana au mnahamia?"

Nikakaa kwenye ile ndoo. Ilikuwa na joto la rafiki yangu. Ukiwa umekaa hapo unaona uzio, kibanda cha askari, taa moja, na kwa mbali mlima. Mlima unaonekana vizuri kabisa. Upande huo hauna theluji hata tone. Nikafungua mdomo ili nimuage hapo sasa, kwa kuwa hapo ndipo, hapo hapo, na honi ikalia tena, na mama wa Kikongo akasema kwa sauti miguu yake imekufa, na watu wale walikuwa wamekuja kwa ajili yangu tangu alfajiri. Sikuwa na haki ya kuwaweka zaidi. Nikainuka. Yule mama akanifungia magwinya kwenye gazeti na akakataa kulipwa.

Njia nzima rafiki yangu alilala, au alifumba macho. Sijui.

Nimejaribu kumtendea haki mume wangu. Nimekaa nikiyakumbuka maneno yake, moja moja, nikitafuta uongo. Aliniambia mtu akianguka anacheka. Anacheka kweli. Aliniambia inalia kama unga. Inalia. Nilipomuuliza juu ya karatasi alisema kule hawana shida naye, na hawakuwa nayo, hakuwa amewapa. Sijapata hata neno moja ambalo ningelishika na kumwambia, hili ulinidanganya. Labda aliona aibu. Labda Jumapili alipofungua mlango na kuniona nimekaa nangoja, alishindwa kurudi mikono mitupu. Au labda nilikuwa nasikia ninachotaka, na angeniambia mambo ya ndoo na kuni kama ningeuliza, lakini mimi niliuliza theluji tu. Hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu linaelekea kuwa la kweli.

Niliwahi kufika kwake. Asubuhi ile nilisimama kando ya ndoo yake, nikanusa moto wake, nikaambiwa nichague. Nikampita. Nikapanda mlima kumtafuta mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, na yule aliyenipikia eda nzima nikamwacha kwenye kiti chake.

Nyumbani hakuna aliyelisema. Bi Mkubwa aliniambia tu, "Mwanangu, Mungu ndiye anayejua safari," na akabadilisha mazungumzo. Lakini sharti limekufa. Majuzi jirani wa juu ametoka eda, amechagua Durban, mwenzetu mmoja akasema ana wateja siku hiyo hawezi, wakamwambia sharp, hakuna shida. Zamani tungebadilisha siku. Nilikuwepo. Ningesema nini, mimi?

Rafiki yangu hajanikasirikia, na heri angenikasirikia. Bado tunapakana, bado sufuria lile liko kwake. Ila hasuki tena kwa safari, na nikimwambia kitu anauliza, "Kweli?" kwa sauti nyingine.

Nilitaka kurudi kule mpakani peke yangu. Akaniambia mama wa magwinya alimweleza kwamba anafunga, anahamia kwa mwanawe Welkom, mguu haumruhusu kusimama. Ndoo na mbaula angemwachia yeyote atakayetaka.

Kwa hiyo imebaki yeye. Kutwa nzima alikaa naye yule mama, na ameyasikia yote. Jioni, chapati zikiisha, namfuata mlangoni kwake, namuuliza. Alikuwa anakaa vipi? Ametazama huku au kule? Alikuwa akisema nini akiwa hana wa kumwambia? Ananijibu, kwa subira, yale aliyoambiwa, na siku hizi ni yale yale, nimeshayajua kabla hajafungua mdomo. Jana nilimuuliza tena kama alikuwa anasikia baridi.

"Dada," akaniambia, "mimi sikumwona. Nimesimuliwa tu."

Chupa iko dirishani kwangu. Nyasi zimezama chini. Sijainawia.